Bustani na Wageni Wake

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii niliisikia tangu nikiwa mtoto wa shule, na kwa miaka mingi nilidhani naielewa. Nilidhani kuwa mgeni ni mtu: mtu abishaye hodi, akakaribishwa, akala, akanywa, akaaga. Katika insha hii nataka kukusimulia, msomaji wangu, jinsi kipande cha ardhi kisichozidi robo ya eka kilivyonifundisha kuwa nyumba ina wageni wengine wasiobisha hodi, na kuwa mwenye nyumba aweza kuwafukuza pasipo kujua, huku akijisifu kwa ukarimu.

Kwetu ni Chepseon, katika kaunti ya Kericho, kando ya barabara kuu itokayo mjini Kericho kwenda Nakuru. Ikiwa hujapata kufika huko, fikiri nchi ya vilima, na vilima hivyo vyote vimevikwa nguo ya chai. Nchi yenyewe i juu, mita 2,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Asubuhi huwa na baridi, adhuhuri jua huwaka, na alasiri mawingu hupanda kutoka upande wa Ziwa Viktoria, mvua ikanyesha, pengine mvua ya mawe. Makampuni makubwa ya Waingereza yalianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920. Baadaye, mwaka 1964, ilipoundwa Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai ya Kenya, wakulima wadogo nao walipata njia ya kulima zao hilo na kuliuza. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wa wakulima hao.

Mtu apitaye kwa gari huisifu nchi yetu kwa ukijani wake, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini nakuomba uutazame ukijani huo kwa jicho la ndege. Kichaka cha chai huchumwa kila baada ya siku chache, kikakatwa kichwa kiwe sawa kama meza, kisipate nafasi ya kuchanua. Ndege atafutaye utamu wa maua hupita juu ya maelfu ya vichaka vya chai kama msafiri mwenye njaa apitaye katika mji ambao kila mlango umefungwa. Upande mmoja iko misitu ya Mau na Londiani, na upande wa pili iko mabonde yenye miti; katikati ni chai. Kwa hiyo viambaza vya miti na vichaka vinavyozunguka nyumba za watu ndivyo vituo vya safari yake.

Nyumba yetu ilikuwa kituo cha namna hiyo, ingawa sikulijua jambo hilo. Kando ya uwanja baba aliacha mti mmoja wa tebesuet, akawa na desturi ya kuketi chini yake jioni. Boma lilikuwa limezungushiwa vigingi vya mwamba-ngoma vilivyoota mizizi na kuwa miti. Wakati fulani wa mwaka miti hiyo hupukutisha majani yote, kisha huchanua maua mekundu kama makaa ya moto juu ya matawi matupu. Nyuma ya jiko palikuwa na vichaka vya senetwet vyenye maua ya manjano. Na kila mahali palipoachwa wazi ulijiotea ule mmea wenye maua ya rangi ya machungwa yauzungukayo ubua katika vishada vya duara, ghorofa juu ya ghorofa, ambao wataalamu huuita Leonotis. Bila shaka nawe umepata kulichomoa ua lake na kulifyonza utamu ulipokuwa mtoto. Hapana mtu aliyeyapanga hayo yote. Yalikuwapo tu, na kitu kilichopo tu ni chepesi kudharauliwa.

Miaka michache iliyopita binti yangu alichumbiwa. Kwetu Wakipsigis iko siku iitwayo koito, ambayo wazee wa upande wa kijana huja nyumbani kwa msichana kuzungumza habari za mahari. Ni siku ya heshima. Tulihesabu wageni watakaokuja mwezi wa Desemba, tukapata watu kama mia na ishirini. Mimi nilikuwa nikifanya kazi Nakuru, na macho yangu yalikuwa yamezoea bustani za mahoteli na maofisi. Kwa watu wa rika langu katika Kericho, kipimo cha bustani nzuri kilikuwa Tea Hotel, hoteli iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950: nyasi pana zilizokatwa sawa, na watu wameketi wakinywa chai. Nilipolitazama boma letu kwa macho hayo, niliona aibu. Niliona kichaka.

Basi mwezi wa Aprili nilikuja nyumbani na vijana wanne wenye mapanga, shoka na majembe. Tulianza asubuhi, na jua lilipokuwa likitua tulikuwa tumemaliza. Mwamba-ngoma ulianguka, senetwet ikang'olewa, Leonotis ikafyekwa na kuchomwa. Tebesuet wa baba nao nikaukata, kwa sababu nilihesabu kuwa ungezuia hema la wageni. Kisha tukapanda nyasi za Kikuyu robo eka nzima, kutoka mlangoni mpaka langoni.

Katika hayo yote sikumwuliza mama neno. Mama yangu ni mzee sana, na macho yake yameingia mtoto wa jicho, hata haoni ila mwanga na kivuli. Jioni ile alisimama mlangoni ameshika fimbo yake, akauliza, "Mmemaliza?"

Nikajibu, "Tumemaliza, Mama. Sasa pameonekana."

Akasema, "Pameonekana," akarudi ndani. Mimi nililichukua neno hilo kuwa sifa.

Nilirudi tena mwezi wa Juni. Nyasi zilikuwa zimeshika, nami nilifurahi sana nilipozikanyaga. Lakini asubuhi niliamka mapema, nikahisi kuwa kuna jambo lililopunguka, nisijue ni jambo gani. Nilisikia malori yakipanda mlima barabarani. Nikasikia kwarara wakipita angani kwa kelele zao, ambao hushuka katika nyasi kudonoa minyoo kisha huenda zao. Zaidi ya hayo palikuwa kimya. Mama, ambaye siku zote huamka kabla ya watu wote, alikuwa bado amelala saa moja na nusu. Nikadhani ni mgonjwa. Nilipomgonga mlangoni, alishtuka akasema, "Sikujua kumekucha."

Nilitoka nje, nikasimama katikati ya nyasi zangu, nikaanza kuelewa. Mama hakuwa akiyatazama mapambazuko kwa macho, bali aliyasikia. Ndege mmoja aliimba kabla ya alfajiri katika mwamba-ngoma. Minana walianza ugomvi wao jua lilipochomoza. Nyuki walianza kuvuma katika senetwet umande ulipokauka. Kwa sauti hizo aligawa siku yake kama wewe uigawavyo kwa kengele ya shule. Nami nilikuwa nimeivunja saa yake, nikaweka zulia.

Siku ileile nilipata fundisho la pili. Mama alitaka kuanza kuvitengeneza vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, ambayo hayakosi kuwekwa mbele ya wageni wa koito. Kibuyu hicho, ambacho kwetu huitwa sotet, husafishwa kwanza, kisha hupakwa ndani makaa ya kijiti kilichochomwa, na kijiti chenyewe aghalabu ni cha senetwet. Ndicho kiyapacho maziwa harufu na rangi yake, na kuyafanya yakae siku nyingi. Mama alimwita binti yangu akamwambia, "Nenda nyuma ya jiko, unikatie kijiti cha senetwet."

Binti alikwenda, akarudi mikono mitupu. "Kogo," akasema, "hakuna tena."

Msomaji wangu, tafakari jambo hilo. Nilikuwa nimesafisha uwanja kwa ajili ya wageni wa koito, na katika kusafisha nilikuwa nimeking'oa kitu kilekile ambacho bila yake hatungeweza kuwakaribisha wageni hao kwa desturi. Nilitazama chini. Mama hakunigombeza. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu, wageni wako watakuja siku moja. Wangu walikuwa wakija kila siku."

Nilimwomba radhi. Kisha nikafanya lile ambalo ingenipasa kulifanya tangu mwanzo: nilimwuliza. Asubuhi ya pili yake tulitembea pamoja katika uwanja, yeye ameshika bega langu kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono wa pili. Alipiga hatua kwa kuhesabu kutoka ngazi za nyumba, akachoma fimbo ardhini, akasema, "Hapa palikuwa na Leonotis," ila yeye aliutaja mmea huo kwa jina la nyumbani, "na hapa ndipo ajapo yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda. Hapa ni mahali pa nyuki. Hapa baba yako aliketi." Mahali hapo pa mwisho palikuwa na kisiki. Kila alipochoma fimbo nilipiga kigingi. Tulipomaliza, nilikuwa na ramani ya bustani iliyochorwa na mtu asiyeona, nami mwenye macho mawili nilikuwa sijapata kuiona.

Sasa nitakueleza tulivyoipanga upya, kwa kuwa huenda nawe siku moja ukapewa uwanja wa kuutengeneza, wa nyumba au wa shule.

Jambo la kwanza lilikuwa hesabu. Robo ya eka ni kama mita za mraba 1,000. Mtu aliyeketi katika kiti, pamoja na nafasi ya kupita mwandazi wa chakula, hahitaji zaidi ya mita ya mraba moja na nusu. Watu mia na ishirini, basi, wahitaji mita 180. Nilichukua kamba na kigingi, nikachora duara ambalo upana wake ni mita 16, na eneo la duara hilo linapata mita za mraba 200. Duara hilo lilitosha kuwaketisha wageni wote wa koito. Kumbe kwa ajili ya sehemu moja nilikuwa nimeziangamiza sehemu tano! Laiti ningalichukua penseli kabla ya kuchukua panga.

Duara hilo tukaliacha kuwa nyasi za kukatwa, mahali pa watu kuketi na watoto kucheza. Pembeni mwake tulijenga banda la mviringo lenye paa na nguzo, lisilo na kuta, kwa sababu katika nchi ambayo mvua hunyesha alasiri, ukarimu usio na paa haufiki jioni. Njia ya mawe ilitoka langoni mpaka kwenye duara, pana kiasi cha wazee wawili kutembea sambamba wakizungumza.

Sehemu nne zilizobaki tulizirudishia mimea, lakini safari hii kwa mpango. Kanuni tuliyoifuata ni ya ghorofa tatu. Ghorofa ya juu ni miti: mwamba-ngoma, ambao huota kwa kupandikiza kigingi tu, na mche wa mzeituni mwitu. Ghorofa ya kati ni vichaka: senetwet na mingine ya kienyeji. Ghorofa ya chini ni mimea ya maua na majani mafupi. Ndege huota jua juu, hujenga kiota katikati, hutafuta wadudu chini. Nyumba isiyo na ghorofa hata moja, kama nyasi zangu za mwanzo, haina chumba cha kumpangisha.

Tulijifunza pia kuwa ua moja moja halimfai mgeni. Nchi zetu za juu zina ndege aitwaye chozi wa mabawa ya dhahabu, ambaye dume lake lina manjano ing'aayo kandokando ya mabawa, na mdomo wake uliopinda umekuwa kama ufunguo wa kufungulia ua la Leonotis. Wataalamu wawili wa Marekani, Frank Gill na Larry Wolf, walimchunguza ndege huyu karibu na Ziwa Naivasha, na mwaka 1975 wakachapisha waliyoyaona. Walikuta kwamba hulinda kundi la maua kama mkulima alindavyo shamba lake, akiwafukuza wenziwe. Viwanja walivyovilinda ndege mbalimbali vilitofautiana sana kwa upana, lakini hesabu ya maua ndani yake haikutofautiana sana: ilikuwa kiasi cha kumlisha ndege mmoja kwa siku. Basi ndege hapimi upana wa bustani, huhesabu maua. Kwa sababu hiyo tuliipanda Leonotis kwa kundi kubwa mahali pamoja, karibu na dirisha la mama.

Senetwet nayo ina siri yake. Ua lake halina utamu. Lina chavua, na chavua hiyo imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani. Nyuki mkubwa mweusi, yule atoboaye mbao kavu afanye makao, hulikumbatia ua, akaitetemesha misuli ya mabawa yake kwa mvumo mkubwa, na chavua ikaruka nje kama unga utokao katika chekeche. Ule mvumo aliousikia mama kila asubuhi ulikuwa kazi hiyo. Majani yake huliwa na viwavi wa kipepeo mweupe wa kuelekea manjano. Binti yangu alipoyaona matundu katika majani alitaka kunyunyiza dawa. Nikamwambia kuwa apendaye kipepeo hapana budi amvumilie kiwavi, kwa maana ni mtu mmoja katika nguo mbili. Lakini nakuonya: mmea huu una sumu ukiliwa, kwa hiyo usiwaachie watoto wadogo kuuchezea midomoni.

Majani makavu hatukuyachoma tena. Tuliyafagia kutoka katika duara na njia, tukayaweka chini ya vichaka. Jambo hili liliwachekesha majirani, nami niliwajibu kwa mfano wa mbali. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, palikuwa na machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe lisilo na udongo. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti humo. Mvinje ulistahimili, lakini majani yake yalijilundika bila kuoza, mpaka walipoletwa jongoo, wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Juu ya udongo huo iliota miti mingine, wakaja ndege na wanyama, na leo mahali hapo, paitwapo Haller Park, watu huenda kutembea na kustarehe. Ikiwa jongoo waliweza kuyafanya hayo juu ya mawe, watashindwa nini katika udongo mwekundu wa Chepseon?

Usidhani kuwa hapakuwa na upinzani. Baba yangu mdogo alikuja kututembelea, akasimama na bakora yake, akasema, "Kijana, ulikwisha kutengeneza vizuri. Mbona warudisha kichaka? Kichaka huleta nyoka, na maji yako hayo yataleta mbu." Alikuwa mzee, na maneno yake hayakuwa ya upuuzi. Nyoka wapo, na malaria imepata kuwashambulia watu wa Kericho kwa ghafula mara nyingi, kwa kuwa watu wa nchi ya baridi hawana kinga nyingi ya ugonjwa huo. Kwa hiyo hatukumbishia. Tuliyatii maneno yake kwa kadiri yalivyokuwa ya kweli. Tuliacha upande mtupu wa hatua nne kuizunguka nyumba, pasiwe na kichaka wala rundo la mawe wala la kuni. Njia tuliifanya pana na yenye mwanga. Na lile sinia la udongo la kunyweshea ndege, tuliliweka liwe na kina cha kidole tu, na binti yangu akapewa kazi ya kuyamwaga maji na kuyabadili kila siku ya pili. Kwa maana yai la mbu huhitaji siku nyingi zaidi ya hizo kabla ya kuwa mbu arukaye. Mzee alipoyaona hayo alinung'unika kidogo, kisha akaomba kiti.

Desemba ikafika, na siku ya koito ikafika. Nitakuwa mwongo nikikuambia kuwa bustani ilikuwa imekamilika. Mwamba-ngoma ulikuwa vigingi vyenye majani machache. Mzeituni ulikuwa haujafika magotini mwa mtu. Senetwet ilikuwa michanga, na kijiti cha kutengenezea sotet tulikuwa tumekiomba kwa jirani. Niliibeba aibu hiyo mwenyewe, nikaenda kukiomba kwa mguu. Lakini Leonotis, iliyopandwa kwa mbegu mvua zilipokuwa nyingi, ilikuwa imesimama bega kwa bega chini ya dirisha, na vishada vyake vilikuwa vimeanza kuchanua.

Wageni walikuja, wakaamkiwa, wakaketi katika duara. Walitosha, na viti vilibaki. Saa tisa mvua ilinyesha kama ilivyo desturi yake, wazee wakahamia bandani pamoja na mama, na mazungumzo yakaendelea huku maji yakitiririka pembeni. Mvua ilipokatika, mmoja wa wazee wa upande wa kijana alikuwa akisema maneno mazito ya ng'ombe na heshima, na watu wote walikuwa kimya wakimsikiliza. Ndipo iliposikika sauti ndogo, kali, ya kukatakata, kutoka upande wa dirisha. Watu hawakuijali. Mama peke yake aligeuza uso wake kule ilikotoka, akanigusa mkono, akanong'ona, "Huyo amerudi."

Nilitazama. Katika Leonotis iliyolowa alikuwamo ndege mmoja mweusi mwenye manjano mabawani, akining'inia kwenye kishada, akifungua ua moja baada ya jingine. Koito ya binti yangu ilikwenda vizuri, na wageni walisifu mapokezi yetu. Lakini katika sifa zote nilizopewa siku ile, hapana iliyonigusa kama maneno yale mawili ya mama.

Tangu siku hiyo miaka imepita. Minana wamerudi na ugomvi wao. Mama huamka tena kabla yangu. Maboga yaliyo nyuma ya jiko huzaa kwa wingi, kwa sababu ua la boga halizai lisipotembelewa na nyuki. Jambo moja sikuweza kulirudisha: kivuli cha tebesuet wa baba. Kisiki kimetoa machipukizi, nami nimeliacha lile lililo imara likue. Lakini mti uliokatwa kwa nusu saa hauwezi kurudi kwa nusu saa, na mimi nitakuwa mzee kabla ya chipukizi hilo kumfunika mtu aliyeketi.

Kwa hiyo nakuachia wewe, kijana usomaye, ushauri huu. Siku moja nawe utapewa mahali pa kutawala: uwanja wa nyumba, kiwanja cha shule, au pengine nchi nzima. Utaona humo vitu ambavyo vipo tu, navyo vitaonekana machoni pako kama vichaka. Kabla hujainua panga, keti hapo asubuhi moja na jioni moja, utazame ni nani ajaye. Uliza wazee wa mahali hapo, hasa wale waonekanao kuwa hawana neno la kusema. Watengenezee watu mahali pazuri pa kuketi, kwa maana kuwakirimu watu ni jambo jema. Lakini pima kwanza ni mahali pa kiasi gani wakuhitajipo. Utashangaa jinsi palivyo padogo, na jinsi nafasi ya wengine ilivyo kubwa.